Usikilizwe kwanza, amande kisha

Wandugu wa Mususa, wa Kimemi, wa Bulengera na Vulamba, na nyinyi wa Beni mpaka Kasindi: leo hatuongei juu ya ville morte wala maandamano. Tunaongea juu ya karatasi. Ile karatasi yenye ajenti anaandika juu ya meza yako mwenyewe, anakupa kalamu, anakuambia: saini hapa. Inaitwa PV. Wengi tunaijua kwa macho. Wachache njo wanajua kwamba mbele ya kusaini, na hata kisha kusaini, sheria inakupatia haki ya kusema neno lako na kusikilizwa na mutu mwingine kuliko ule alieiandika.

Tuseme wazi toka mwanzo, mutu asituelewe vibaya. Hatuambie watu waache kulipa. Katiba ya 18 Februari 2006, artikle 65, inasema kila Mukongomani ako na lazima ya kulipa kodi na taksi. Artikle 174 inaongeza kwamba kodi inawekwa na sheria peke yake. Tunakubali yote mbili. Lakini katika kitabu kile kile kuko artikle 19, yenye inasema kila mutu ako na haki kesi yake isikilizwe kwa muda wenye kufaa na zuzi mwenye uwezo, na kwamba haki ya kujitetea imepangwa na inalindwa, ujitetee mwenyewe ao utafute mutetezi unayemutaka. Wakubwa wetu wanajua artikle 65 kwa kichwa. Ile 19 inabaki kwa kitabu.

Sasa, aksizi ni nini? Ni kodi inayowekwa juu ya vitu fulani tu: bia na pombe kali, sigara, mafuta ya gari, jus na maji ya chupa, marashi, mpaka unité za simu. Anayeipeleka kwa DGDA ni mwenye kutengeneza ao mwenye kuingiza bidhaa kutoka inje, lakini mwisho inatoka mu mufuko wako. Ukikunywa bia moja siku ya Sabato ao ya Yenga, umekwisha kulipa aksizi pasipo kuona ajenti hata mumoja. Sheria yake iko: Ordonnance-loi n° 18/002 ya 13 Machi 2018, njo inaitwa Code des accises. Imeandikwa kwa Kifaransa ya watu wa droit. Mama wa depo hawezi kuisoma, na kusema kweli hata sisi wenye kumaliza université tunaisoma tukisimama kila mustari.

Ugomvi wa aksizi mara nyingi hauko juu ya kama utalipa. Uko juu ya kitu chako kinaitwa namna gani, kiko na nguvu ya pombe ngapi, ni litre ngapi, timbri iko wapi. Duane za dunia yote zinatumia orodha moja ya namba kwa kupanga bidhaa. Bia iko 22.03. Divai ya zabibu iko 22.04. Kinywaji chenye kuchacha ambacho hakitoke kwa zabibu kiko 22.06: kwa hiyo kasiksi yetu ya ndizi, na ile divai ya nanasi yenye vijana wa hapa wanatia mu chupa na kubandika etiketi ya muzuri, zote zinaanguka pale. Lotoko, pombe ya kupika, iko 22.08. Ukihamisha chupa moja kutoka namba moja kwenda ingine, kodi inaweza kubadilika kabisa, na faida ya mwaka muzima ikaisha.

Nani anaamua ni namba gani? Ajenti. Nani anapima? Ajenti. PV inaandikwa na nani? Ajenti tena. Amande inapangwa na mukubwa wake. Na sehemu ya ile amande inarudi kwa nani kama prime? Kila mutu wa Butembo anajua jibu. Hatusemi wote ni wevi. Tunajua wenye kufanya kazi yao na moyo safi, na mishahara yao tunaijua pia. Lakini hata malaika, ukimulipa kwa kila kosa anayokuta, atakuta makosa mingi.

Tufikirie mama mumoja, hatutaje jina ya mutu. Ako na depo ndogo upande wa Mususa. Alinunua bidhaa kwa muuzaji mukubwa, faktire iko. Saa tano ya asubui wanaingia watu wa huduma, wanakuta karto kumi na mbili pasipo timbri.

«Mama, hii ni fraude. Unalipa leo ao tunapiga sele ku mulango.»

«Lakini baba, mimi si niliuziwa vile? Faktire njo hii.»

«Mama, utaeleza kisha. Lipa kwanza.»

Ile neno, utaeleza kisha, njo yenye tunataka kila mutu aiangalie muzuri. Juu kisha haifikake. Mulango uko na sele, jus inaharibika ndani, likelemba haimungojee, watoto wamefukuzwa ku masomo. Siku ya tatu mama anakopa, anapita mangaribi kwa mutu anayejua mutu, analipa nusu, mulango unafunguliwa. Kitansi hakuna. Serikali imepoteza, mama amepoteza. Na kama kosa iko, ule muuzaji mukubwa alieingiza muzigo pasipo timbri hakuna aliemuuliza kitu. Dakika kumi za kumusikiliza mama, na kusoma faktire yake, zingetosha kwa kuonyesha ni nani alipaswa kuitwa.

Watu wengine watatuambia: mutu mudogo hawezi kushinda serikali kwa kodi, ni kupoteza wakati. Basi tuangalie Kenya, kwa jambo lenye kufanana na hili kabisa. Kuko kampuni ya Naivasha inaitwa Keroche, ilianzishwa na Tabitha Karanja, leo ni seneta wa Nakuru. Ilikuwa inatengeneza divai yenye kuongezwa nguvu, inalipa kodi kufuata namba 22.04. Siku moja KRA, njo DGDA na DGI yao pamoja, ikasema: hapana, kinywaji hicho ni 22.06. Ikarudi nyuma, ikahesabu miaka yenye ilipita, ikaleta deni ya shilingi zaidi ya bilioni moja. Keroche ikaenda ku Mahakama Kuu ya Nairobi. Mwaka 2007 zuzi Joseph Nyamu akavunja madai yale. Alikataa kwamba serikali igeuze namba ya chupa leo halafu ikulipishe ya jana, yenye ulikuwa umelipa kufuata maneno yake yenyewe.

Hadisi haikuishia pale, na hii sehemu ya pili inatupendeza zaidi kuliko ya kwanza. Kwa madai mengine ya aksizi, tribinali ya kodi ya Kenya ilikata mwezi wa Machi 2020 kwamba Keroche ilipe shilingi karibu bilioni tisa. Ilishindwa. Lakini ilishindwa mbele ya watu wasiokuwa ajenti wa KRA, kwa hukumu yenye kuandikwa na sababu zake, na mulango ya kupanda ku Mahakama Kuu ulibaki wazi. Njo tunaomba. Hatuombe kushinda kila mara. Kuna wafanyabiashara wa huku wanaoingiza sigara na pombe usiku. Wakisikilizwa vizuri watapatikana na makosa, na walipe.

Kenya wako tena na kanuni moja ya sheria ya 2015 yenye inatufanya wivu. Ukipinga kodi, uko na siku 30 za kuandika. Mukubwa wa kodi ako na siku 60 za kukujibu. Asipojibu, pingamizi yako inahesabiwa kwamba imekubaliwa. Kimya yake ni ushindi wako. Huku kwetu, ukilalamika kwa mukubwa wa huduma ya serikali na asijibu, kimya yake inahesabiwa kama hapana. Yeye analala, wewe unashindwa. Halafu tunashangaa barua zinalala mu tiruwari.

Wala tusifikiri kwa majirani ni paradiso. Vuka Kasindi, ingia Mpondwe: Uganda, kwa kupeleka kesi ya kodi ku tribinali yao, ulipaswa kulipa kwanza asilimia 30 ya ile yenye unapinga. Watu wakaishitaki kanuni hii, wakisema inavunja haki ya kusikilizwa, yenye katiba ya Uganda inasema haiguswi kamwe. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ikajibu kwamba asilimia 30 haivunji haki hiyo. Ilifika 2020 njo Mahakama ya Katiba ikapunguza makali: kama ugomvi ni juu ya sheria yenyewe na si juu ya hesabu, ile 30 haidaiwe. Tanzania wanaomba theluthi moja, ao ile sehemu yenye haupingi. Sisi tunaona hayo ni makosa, juu kwa mutu wa depo ya karto kumi na mbili theluthi moja ni mutaji muzima. Lakini angalia muzuri: Uganda wanaomba 30. Mama wetu wa Mususa aliombwa 100, leo leo, na mulango umefungwa, na hakuna alieandika popote kwamba ni amana.

Tunasikia tayari jibu: nyinyi vijana, watu wanachinjwa na ADF, Goma iko mu mikono ya M23, na munaongea juu ya chupa? Ndiyo, tunaongea juu ya chupa, na tunaongea juu yake njo kwa sababu ya vita.

Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliingia mu état de siège tarehe 6 Mei 2021. Toka siku ile, ukiuliza swali ku biro, jibu ni moja: tuko mu état de siège. Sasa fungua katiba, artikle 61. Inataja mambo ambayo hayaguswi hata siku ya état de siège. Haki ya kuishi iko mule. Kukataza mateso iko mule. Na nafasi ya tano ni hii: haki ya kujitetea na haki ya kulalamika ku mamlaka ya juu. Nafasi ya sita: kukataza kufunga mutu juu ya deni. Soma tena polepole. Wale walioiandika waliona mbele kwamba siku moja muji utatawaliwa na wenye silaha, wakaandika kwamba hata siku ile, mutu asihukumiwe pasipo kusema. (Wanafunzi wa droit wa UCG, hii ni TP yenu ya wiki hii: muitafsiri kwa Kiswahili na Kinande, muibandike ku soko.)

Tunajua namna état de siège inasikilizaka watu. Wanaharakati 12 wa LUCHA, walioshikwa Beni tarehe 11 Novemba 2021 juu ya kuandamana, walihukumiwa na tribinali ya kijeshi tarehe 1 Aprili 2022, miezi 12 ya kifungo. Ule alieona zuzi amevaa treillis kwa kesi ya maandamano, hashangae kuona mufanyabiashara anatetemeka kwa neno fraude. Akisikia fraude, anaona gereza la Kangbayi. Anasaini yote.

Kuko pia swali ya njia, njia ya miguu kabisa. Ku muji tuko na tribinali de grande instance Butembo na Beni. Lakini kupinga uamuzi wa serikali yenyewe ni kazi ya mahakama za utawala, na hizo mwananchi wa hapa alizoea kuzitafuta Goma, ku cour d'appel, ao Kinshasa, ku Conseil d'État. Njia ya Goma inapita Kanyabayonga, yenye ilianguka mu mwezi wa Juni 2024. Goma yenyewe ilianguka mwisho wa Januari 2025, serikali ya jimbo ikahamia Beni. Kinshasa ni ndege. Kwa amande ya dola mia mbili, nani atapanda ndege? Kama gavana na ofisi zake waliweza kuhamia Beni, haki ya kulalamika nayo ihamie, na watu waambiwe kwa redio ni ku mulango gani.

Na tuseme lingine lenye halitamupendeza kila mutu. Huko kwenye M23 inatawala, inalipisha kodi. Ku barrières za porini, vikundi vinalipisha kodi, wanakupa mpaka jeton. Wote wako na bunduki, wote wako na hesabu yao, na hakuna hata mumoja mwenye unaweza kumupeleka mbele ya zuzi ukimuambia: ulihesabu vibaya. Serikali inatuambia kila siku sisi si kama wao. Basi ituonyeshe pale pale, ku meza ya amande. Kijana wa Butembo akilipa ku barrière pasipo kusema neno, halafu alipe mu muji pasipo kusema neno, munataka aone tofauti wapi?

Munakumbuka RAM. Septemba 2020 wakaanza kutukata unité: dola moja na kitu kwa mwaka kwa simu ya 2G, mpaka dola saba kwa 3G na kwenda juu. Haikukuwa aksizi, lakini mutindo ulikuwa ule ule. Unaweka unité, inakatwa, unauliza, hakuna wa kukujibu. Mutu mwenye simu ya kununua ya pili anakatwa, mutu mwenye kukatwa mara mbili hana pa kwenda. RAM ilianguka mwanzo wa 2022 juu ya kelele: yetu sisi, ya wabunge, ya kila mutu. Tulifurahi. Lakini ilianguka kwa kelele, hakuna zuzi alieketi akasema ilikuwa haki ao haikukuwa, na falanga zenye zilikatwa hatukuziona tena. Kelele ni dawa ya watu wengi. Mutu mumoja, na depo moja, haina kelele. Njo maana matajiri wakikosana na duane ya Kasindi, wanasimamisha malori, FEC inaitwa, mukubwa anatoka Kinshasa, wanaelewana. Yule mwenye karto kumi na mbili akisimamisha biashara yake, watoto wake peke yao njo wanajua.

Kwa hiyo, kwa wakuu wa DGDA wa Beni, Butembo na Kasindi, na kwa huduma zote zenye kupiga amande mu muji: tunaomba hakuna sele ku mulango kwa ugomvi wa timbri ao wa namba, mbele ya mutu kupewa siku za kuleta faktire na maelezo yake. Kama munaogopa atahamisha bidhaa, hesabuni, andikeni, chukueni picha, muache mutu auze vinavyooza. Yule anayesikiliza malalamiko asikuwe katika orodha ya wale watakaopata sehemu ya ile amande. Hili ni la lazima kuliko yote, na halihitaji sheria mupya wala bajeti. Jibu litoke kwa maandishi, na sababu zake. Na kila PV, chini yake, iandikwe kwa Kiswahili: unaweza kupinga, ku biro fulani, mbele ya tarehe fulani, kisha ku tribinali fulani.

Kwa wabunge wetu wa Butembo na Beni wenye wanakujaka wakati wa kura: mubadilishe ile kanuni ya kimya. Siku 60 pasipo jibu, mwananchi anashinda. Kenya waliweza.

Na wewe unayesoma ku simu, mwenye butiki, mwenye kutengeneza jus, muuza unité. Weka faktire zako zote, hata za mwaka uliopita. Usisaini PV yenye haujasoma. Kama haujue Kifaransa vizuri, ita mutu akusomee, ni haki yako kungojea. Kama unalazimishwa kusaini, andika pembeni ya saini yako kwamba haukubali, na sababu yako kwa mustari moja. Omba kopi pale pale. Lipa ku banki, chukua kitansi. Usilipe mu mukono wa mutu, hata akikuambia ni bei ya rafiki. Na kama wamekataa kukusikiliza, andika siku, saa, na huduma gani, uletee wanaharakati wa kartie yako ile kopi. Tutaanza kuzikusanya, Mususa kwanza, na tutazipeleka ku mairie na ku biro ya gavana Beni kwa pamoja.